Siku Niliyolimwagia Maji Vumbi la Thika

Haya, mmenishika. Nitasema. Lakini mtu asicheke kabla sijamaliza, na wewe Mutua ndiye nakuambia hasa, kwa sababu mlango wako ulikuwa unaangaliana na wangu, ulikuwepo siku ile, na ulicheka mpaka ukashika ukuta. Ni jambo la aibu, tena si ile aibu ya kuchekwa wiki moja ikaisha, ni aibu ambayo imekula nyumba yangu mpaka leo, na mkiniuliza kwa nini mtu wa umri wangu anajichemshia chai peke yake kwenye chumba cha makapera huwa nasema ni kazi, ni Emajensi, ni hiki, ni kile. Uwongo mtupu. Ni maji. Pipa zima la maji nililolimwaga chini kwa mikono yangu mwenyewe, mchana, jua likiwaka, na akili zangu zote nikiwa nazo.

Nianze na mji wenyewe. Mimi Thika nilikuja kijana, kabla ya vita vile vikubwa, wakati upande huu wa reli ulikuwa nyasi kavu tu na fisi wanapita mchana bila haraka, nikaingia kiwanda cha ngozi na sijatoka tena. Wengine wamekuja, wamelia na joto, wamerudi kwao. Mimi nipo. Na mji huu ukitaka kukaa lazima uupende kwa nguvu, kwa sababu wenyewe haukusaidii hata kidogo: kuanzia Januari mbingu zinakuwa nyeupe, malori ya mkonge yanapita yakiinua vumbi asubuhi mpaka jioni, vumbi linaingia kwenye chai, kwenye blanketi, kwenye sikio, ukitabasamu unalitafuna, na harufu ya ngozi mbichi inakufuata mpaka kanisani. Halafu kitu cha kuumiza zaidi ni kwamba maji yapo! Unayasikia kabisa, maporomoko ya Chania yakinguruma kule chini, na hoteli ya Wazungu iliyo kando yake ina nyasi za kijani, mtu ameajiriwa kazi yake ni kunyunyizia nyasi maji tu. Sisi huku ng'ambo tunahesabu vikombe.

Lakini nilikuwa najivuna, wacha niseme ukweli. Mgeni akija landhi yetu ya wafanyakazi wa kiwanda (ile ya vyumba vinane, vinne huku na vinne kule, uwanja katikati) alikuwa analetwa kwangu nimfundishe. Nilikuwa namwonyesha upande gani wa barabara una kivuli asubuhi na upande gani jioni. Namwambia asianike shati jeupe siku ya malori. Namwonyesha namna ya kufagia uwanja wa Thika bila kumuua jirani kwa vumbi: unachukua kikombe kimoja cha maji, unachovya vidole, unarusha matone, unafagia polepole, unachovya tena, unarusha. Kikombe kimoja uwanja mzima! Nilikuwa nawaambia, "Anayemwaga hapa kwa debe ni mjinga, huu udongo haujui kusema asante." Mimi huyu. Kwa mdomo wangu.

Sasa mwaka ule mvua ya Novemba haikuja. Tukaingoja mpaka Krismasi, hakuna. Bomba la landhi likawa linafunguliwa alfajiri tu, linatoa kidogo linakohoa linakauka, na Jumapili halifunguliwi kabisa. Basi tukapatana: kila Jumamosi kila chumba kinatia debe moja kwenye pipa kubwa lenye kifuniko na kufuli, na hayo ndiyo maji ya Jumapili ya watu wote, ya uji wa watoto, ya ugali, ya kila kitu. Na ufunguo wakampa nani? "Apewe Ndirangu," alisema Mama Mwende, bibi yake Mutua huyu, mbele ya watu wote. "Yeye ndiye mwenyeji. Yeye anajua shida ya hapa." Nikauvaa ule ufunguo shingoni kwa kamba, na kichwa kikanivimba wiki nzima.

Mimi wakati huo nilikuwa na chumba lakini sina watu ndani. Bibi yangu, Wairimu, alikuwa Ruiru, kwenye landhi ya shamba la kahawa, kwa mama yake, pamoja na wasichana wetu wawili, Wambui na yule mdogo, Nyokabi, ambaye alikuwa na miaka mitatu na kifua kibaya (kifua kikimbana usiku unakaa macho ukimhesabia pumzi). Chumba cha wenye bibi niliomba kiwandani miaka na miaka. Hatimaye nikapewa hicho, nikakaa nacho peke yangu, mpaka mwezi ule karani akaniita akaniambia hivi: "Ndirangu, mwisho wa mwezi nataka kuona bibi ndani ya hii chumba. Kama hakuna, naipa mwingine. Iko watu wanalia."

Wairimu alikuwa tayari, ni mama yake ndiye hakuwa tayari. Alikuwa amesikia habari za vumbi la Thika, akasema mtoto wa kifua hapelekwi mahali pa vumbi kabla yeye hajapaona kwa macho yake, na mjue huyo Nyokabi amepewa jina lake yeye, kwa hiyo kwake mtoto yule ni yeye mwenyewe anayekohoa. Na kusafiri kulikuwa kazi, Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali, ilikuwa imekaza, Mkikuyu huwezi tu kuamka Ruiru ukasema naenda Thika. Ikatafutwa barua ya ruhusa, ikapatikana ya Jumapili moja tu, Jumapili ya mwisho wa mwezi, na saa kumi na mbili jioni kila mtu awe amerudi ndani. Siku moja, nafasi moja. Yule mama akipaona akikubali, atarudi peke yake na kuniachia watu wangu, na hiyo barua ya kukaa karani alikuwa amesema ataisukuma. Akikataa, basi.

Na kitu kingine, nyinyi vijana mliozaliwa juzi mnaweza kukicheka, lakini mama mkwe kwetu haguswi. Humwangalii usoni, huketi karibu naye, huli mbele yake, mkikutana njiani unampisha kichakani. Yule mama alikuwa mtu wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani na kila kitu, lakini hapo kwenye heshima ya wakwe hakuwa na mchezo, miaka yote tangu nimwoe mtoto wake hakuwa amenisemesha moja kwa moja hata siku moja. Anasema, "Wairimu, mwambie bwana yako hivi," nami nimesimama hapo hapo nasikia.

Jumapili ikafika. Majirani wote wakaenda kanisani, nikabaki, nimesema nina wageni. Mpango wangu ulikuwa mzuri: kikombe kimoja, vidole, ufagio, uwanja usafishike bila vumbi, nichukue wageni kwenye stendi ya basi saa tano, waje wakute mahali pametulia. Lakini nilianza na shati. Niliazima pasi ya makaa, nikapiga kola, jivu likaruka likashika kola, nikafua kola kwa maji ya kikombe (kile kile!), nikapiga tena, ikashika tena, na nilipokuja kutazama jua lilikuwa juu na uwanja haujaguswa, vumbi limelala pale la kuzamisha vidole vya miguu, na upepo umeanza kulizungusha.

Nikauangalia uwanja. Nikaangalia vidole vyangu. Nikajiambia, leo wacha nimwage tu.

Ni hapo. Kama kuna siku Mungu atanirudishia dakika moja, nitaomba hiyo.

Nikachukua debe langu la chumbani nikamwaga. Sasa mnajua ule udongo mweusi, ukikauka unapasuka nyufa ambazo mguu unaingia, basi maji yakakimbilia kwenye nyufa yakapotea, ungedhani hakuna mtu aliyemwaga kitu, isipokuwa kipande kimoja kidogo karibu na mlango wangu kilichokuwa cheusi, kizuri, kimetulia. Kilipendeza! Lakini sasa kule kwingine kukaonekana kubaya zaidi, uwanja umekuwa nguo yenye kiraka. Nikaushika ufunguo shingoni. Nikasema, debe moja tu, debe langu mimi, si nami nilitia debe jana? Nikafungua pipa nikachota. Likapotea. Nikasema, la pili nitarudisha kesho. Likapotea. Mara nikawa sisemi tena, nachota tu na kumwaga, natoka jasho, uwanja unaanza kuwa mweusi upande huu, bado upande ule, siwezi kuacha nusu, mtu akiacha nusu si ataulizwa nusu nyingine imekwenda wapi? Nilikuja kushtuka debe linakwaruza chini ya pipa.

Nikasimama. Pipa tupu. Watu wa vyumba saba vingine wako kanisani wakijua wana maji. Na mimi, hebu sikieni wazimu wa mtu, badala ya kupiga mayowe nikatazama uwanja nikasema: lakini umependeza.

Nikafunga kufuli (la nini, sijui). Chai ilikuwepo tayari, nilikuwa nimeipika asubuhi, birika zima, na maziwa na sukari kabisa, kwa hiyo nikajituliza kwamba wageni hawatakosa cha kunywa. Nilipokanyaga nje kiatu kikashikwa, nikakivuta kikaja na udongo mzito chini yake, nikajua ndani ya moyo wangu nimefanya nini, maana nani asiyejua udongo huu ukilewa maji unakuwa ulimbo? Lakini saa zilikuwa zimekwisha. Nikatandika magunia mawili ya mkonge kutoka njiani mpaka mlangoni ili wageni wapite juu yake, nikakimbia stendi.

Walishuka. Wairimu amembeba Nyokabi mgongoni na kiondo kizito mkononi, Wambui anamfuata, na mama mkwe nyuma, gauni la maua, kitambaa cheupe kinametameta. Nikapokea kiondo, nikawapita mbele hatua nyingi kama inavyotakiwa, na njiani nikawa nasikia kule nyuma, "Wairimu, muulize bwana yako miti ilikwenda wapi huku." Nami najibu mbele bila kugeuka, "Mwambie mama iko miti upande wa mtoni, mizuri sana." Nyokabi akakohoa mara mbili. Mama mkwe akasema, "Hm." Hiyo "hm" iliniingia mpaka kwenye mifupa.

Lakini tulipofika landhi, mtanisamehe, nilifurahi. Jua lilikuwa limekausha juu kidogo, uwanja umelala mweusi laini bila chembe ya vumbi, na nikamsikia yule mama akisema pale nyuma, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amejiandaa kukasirika na sasa hana sababu: "Kumbe si kubaya hivyo." Jamani, nilisikia maneno hayo. Niliyasikia, yalikuwa yangu, nyumba yangu ilikuwa imesimama. Nikageuka kidogo kumwonyesha Wairimu njia ya magunia, na yule mama, kwa adabu yake, kwa sababu yeye ndiye mkubwa, akatangulia akakanyaga gunia la kwanza.

Gunia likaondoka. Halikuchanika, halikukunjika, liliondoka tu na mguu wake juu, na nikaona kitambaa cheupe kinakwenda nyuma, na mikono yangu, mimi sikuiambia kitu, mikono yangu ikaruka ikamshika mama mkwe chini ya makwapa. Nilimshika. Kwa nguvu. Na mguu wangu mmoja ukazama kwenye ufa, mwingine ukateleza, tukaenda chini pamoja, mimi nimekaa kwenye matope na mama mkwe wangu amekaa juu ya mapaja yangu, kitambaa chake kimemwangukia usoni, na kila nikijaribu kuinuka tunarudi pale pale.

"Ngai!" Wairimu akapiga kelele. "Mwachilie! Mwachilie mama!"

"Nikimwachilia ataanguka!"

"Si ameshaanguka!"

Na kanisa likatoka. Sijui kwa nini siku ile pasta hakurefusha, kila Jumapili anatuua na mahubiri, siku ile akamaliza mapema. Wakaja wote kwa pamoja na Biblia zao, wakasimama pembeni ya uwanja. Halafu ndiyo nikamsikia Mutua. (Cheka, cheka tu, si nilikuambia.)

Tukamwinua, yaani Wairimu na wanawake walimwinua, mimi nikaambiwa nikae mbali. Matope mpaka kiunoni, matope kwenye nywele. Akanyoosha mikono mbele yake tu, ikidondoka matope, na kila mtu akaelewa anaomba maji. Mama Mwende akasema, "Ngoja mama, maji iko," akanyoosha kiganja kwangu apewe ufunguo, nami nikampa, ningefanya nini? Akafungua pipa. Akaangalia ndani. Akaingiza mkono mzima mpaka begani.

"Ndirangu," akasema, "maji yetu iko wapi?"

Akaangalia uwanja. Akaangalia viatu vyake. Nikaona inamwingia polepole usoni.

"Umemwaga? Maji ya watoto? Umemwaga kwa mchanga?"

Kelele zilizofuata hapo sitazirudia, wengine mliosema mko hapa na tumesameheana. Ila nikachanganyikiwa kabisa, nikakimbia chumbani, nikatoka na birika, nikamwinamia mama mkwe na kuanza kummiminia mikononi aoshe, naye akawa anasugua, anasugua, mpaka mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Lakini si hiyo ni chai?" Chai ya maziwa. Yenye sukari. Nzi wa kiwanda cha ngozi mnawajua, hawangoji kualikwa.

Sasa wacheni nifike mahali ambapo hata mimi sicheki. Wairimu akachukua kiondo atafute kitambaa cha kumpangusa mama yake, akawa anatoa vitu anaviweka juu ya lile gunia la pili: blanketi ya Nyokabi, sufuria yake ndogo, vikombe viwili vya bati, taa, gauni la kazi. Nikavitazama vile vitu. Mtu anayekwenda kutembea na kurudi jioni habebi sufuria. Alikuwa amekuja kukaa. Alikuwa amefunga vitu vyake kabla mama yake hajasema ndiyo wala hapana, na Nyokabi mgongoni akaamka, akakohoa, akasema, "Mami, nataka maji."

Hakukuwa na maji. Chai nilikuwa nimeimwaga mikononi. Mtoto wangu ameniomba maji nyumbani kwangu mara ya kwanza, na nilikuwa sina. Mama Mwende, pamoja na hasira zake zote, akaingia kwake akatoka na nusu kikombe kilichobaki tangu asubuhi, akampa, na mtoto akanywa akiniangalia juu ya kikombe.

Wairimu akaniambia polepole, hakupiga kelele, "Umemwaga maji ya watu ili tusione vumbi?"

Nikasema, "Nilitaka mkae."

Akaanza kurudisha vitu kwenye kiondo, kimoja kimoja. Kikombe. Kikombe. Sufuria.

Nikashika madebe mawili nikakimbia. Nilijiambia nikifika Chania na kurudi haraka, mama ataoga, hasira zitashuka, watakunywa chai nyingine, siku haijaisha. Nikakimbia na matope yangu, shati la pasi lote jeusi, na nilipofika barabara kubwa wakanisimamisha askari. Fikirini wenyewe: Mkikuyu, wakati ule wa wapiganaji wa msituni, mwili mzima matope, anakimbia kuelekea vichakani mchana wa Jumapili. Kipande changu, kile cha kunitambulisha, kilikuwa kwenye koti, koti liko kwenye msumari nyumbani. "Unatoka msitu gani?" Nikasema sitoki msitu, nimemwangusha mama mkwe. Wakatazamana. Wakaniambia nikae chini, madebe kichwani. Nilikaa pale juani mpaka nyapara wetu akapita na baiskeli, akanitambua kwa shida, akanisemea. Maji ya Chania nilikuwa nayasikia wakati wote huo, hayako mbali.

Nilichota, nikarudi. Uwanja ulikuwa mtupu isipokuwa alama za miguu. Wanawake wa landhi walikuwa wameshakwenda mtoni kwa njia ya chini na nguo zao za kanisa, madebe kichwani, watoto wanalia njaa nyuma yao. Nikaweka yale mawili chini nikakimbia stendi, na basi la Ruiru lilikuwa pale, limewasha injini. Niliwaona kwenye dirisha. Mama mkwe alikuwa ameketi wima, matope yamemkaukia yamekuwa kijivu, hata kwenye nyusi, na watu wamemwachia kiti kizima peke yake. Hakugeuka. Wairimu aligeuka. Akainua mkono kidogo kama anataka kunipungia, halafu akautumia kumfunika Nyokabi mdomo, kwa sababu basi liliondoka na vumbi likapanda.

Mwisho wa mwezi ulikuwa kesho yake. Karani akanyoosha mkono nikampa ufunguo wa chumba, nikarudi kwa makapera. Ufunguo wa pipa akapewa Mutua. Na siku tisa baadaye, jamani, siku tisa tu, mvua ikanyesha, ikanyesha siku mbili usiku na mchana, nyasi zikatoka mpaka kando ya reli, Thika nzima ikanukia vizuri, nami nilikuwa nimesimama mlangoni sina mtu wa kumwonyesha.

Mnajua desturi, mkwe ukimgusa lazima upeleke mbuzi. Nilihangaika na barua ya ruhusa miezi miwili, nikapata, nikampeleka mbuzi Ruiru, wakamchinja, maneno yakasemwa, ikaisha kwa desturi. Na hapo ndipo yule mama aliponisemesha mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akitazama chini. "Vumbi tulikuwa tunalijua," alisema. "Hata hapa iko. Nilikuja kuona kama mtoto atapata maji ya kunywa. Mtoto haji."

Ni miaka minne sasa. Wairimu si kwamba ameniacha, hapana, nikienda ananipikia, ananiuliza habari za kazi. Lakini barua ya ruhusa inapatikana mara chache, na chumba hakipo, na yeye hazungumzi tena habari ya kuja. Mara ya mwisho nilipofika, juzi juzi, Nyokabi alikuwa anacheza nje, amekuwa msichana mkubwa, kifua kimepoa kabisa. Akaniangalia, akakimbia ndani, nikamsikia akimwambia mama yake, "Mami, yule mgeni wa Thika amekuja." Na Wairimu hakumrekebisha. Akatoka tu na kikombe cha maji, akanipa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni.

Basi ndiyo hiyo, mmeisikia. Mimi nimeapa: siku nikipata mtu wa kuja kwangu tena, nitampokea stendi siku ya malori, mchana, nimpitishe katikati ya vumbi mpaka likae kwenye nyusi zake, nimwambie, hapa ndipo ninapokaa. Na nitakuwa na debe limejaa, limefunikwa, sijaligusa. Huwa naliweka hata sasa, kila Jumamosi, chini ya kitanda. Jumatatu namwagia bustani ya Mama Mwende.